Bei ya mgeni ku hospitali za inje: tusikimbilie kusema wanatuibia

Mtu wa Lubumbashi akirudi kutoka kutunzwa inje, iwe Ndola, Lusaka, Johannesburg ao India, habari yenye kutangulia kufika ku kartie ni ya faktire, ugonjwa wenyewe watu watauliza kisha. Wanatukata bei ya wageni, wenyewe wanalipa kidogo sana, na hata mtu mwenye kukaa kule miaka na makaratasi yake yote, akifika ku kaisse wanamwomba pasipoti kwanza. Maneno yanaanza hapohapo, kwamba ni ubaguzi, kwamba wanajua Mukongomani iko na dola mu mfuko, kwamba Waafrika hatupendane. Mu ma-grupu ya WhatsApp hakuna hata mtu mmoja anauliza ile bei ilitoka wapi.

Ile hasira naielewa, juu mtu iko na mgonjwa, ameuza kiwanja ao amekopa, halafu anaona mwenyeji karibu yake anatoka na karatasi ya makuta kidogo kwa ugonjwa uleule. Lakini leo nataka nisimamie upande ambao huku kwetu hausemwi, upande wa inchi zenye kuweka bei mbili. Kuko vitu wanafanya vibaya, hasa juu ya mgeni mwenye kukaa kule kwa kazi na kulipa kodi, na nitafika pale. Ila naona sisi tunaanza hesabu vibaya tangu mwanzo, tunachukua bei ya mwenyeji kama njo bei ya kweli ya ile kazi ya munganga, kisha tunasema yetu imepandishwa. Mara nyingi yetu njo inakaribia bei ya kweli, na ya mwenyeji imeshushwa kwa makuta ambayo yeye mwenyewe alishatoa fasi ingine.

Angalia Zambia, ni jirani, kila mtu anajua njia ya Kasumbalesa. Mwaka 2018 waliweka sheria ya asiransi ya afya ya taifa, na kuanzia Oktoba 2019 mfanyakazi anakatwa asilimia 1 ya mshahara kila mwezi na bosi wake anaongeza asilimia 1. Kila mwezi, awe mgonjwa ao awe mzima. Mtu wa mine ya Kitwe ambaye hajalala hospitali hata siku moja tangu waanze kumkata, makuta yake yameenda, imetunza wengine, na siku yake ikifika yeye pia anatunzwa kwa makuta ya wengine. Ni likelemba, ule mchango wa kupokezana, kila mama wa soko ya Katuba anaijua kazi yake: yule hajatoa hata mara moja hawezi kufika siku ya kugawa akanyoosha mkono pamoja na wenye kutoa, hata kama iko na shida kubwa kuliko wote. Wanaweza kumusaidia kwa huruma, na mara nyingi wanamusaidia, lakini hawezi kusema wamemuibia. Sasa mimi nikitoka Kampemba na mgonjwa wangu nafika upande ule, sijatoa kwacha moja mu ule mfuko, wakinikata bei nzima wamenikosea nini?

Watu wananijibu kwamba sisi tunaleta makuta kule, tunanunua unga, tunalipa hoteli, tunalipa viza. Ni kweli. Lakini makuta ya hoteli inabaki ku mwenye hoteli, haiingii mu kapu ya dawa. Hospitali ya serikali popote pale inapangiwa kwa hesabu ya watu wa eneo lake, vitanda kiasi fulani, damu kiasi fulani, wakunga kiasi fulani. Watu wa inchi ingine wakiingia juu ya ile hesabu na kulipa bei ya mwenyeji, kila mmoja anaacha pengo, na lile pengo halimwangukii waziri, linamwangukia mama wa pale kijijini mwenye kukuta dawa imeisha. Yule mama njo simuoni mu maneno yetu. Tunaongea juu ya Mukongomani mwenye kulipa nyingi, haki yake aongee, lakini yule mwenyeji maskini ambaye bei ya chini iliwekwa juu yake, hana sauti mu ma-grupu yetu.

Thailand ni mfano wenye wazungu wanalalamikia zaidi, na mimi naupenda juu unaonyesha kitu waziwazi. Tangu mwaka 2002 hivi Wathai wako na mpango unaitwa wa baht 30, mtu anafika hospitali ya serikali analipa baht 30, haifiki hata dola moja, anatunzwa. Hakuna mtu mwenye akili anaweza kusema kumpasua mtu tumbo gharama yake ni baht 30, iliyobaki yote inatoka mu kodi. Mwaka 2019 wizara yao ya afya ikapanga bei za hospitali za serikali mu ngazi ine: Mthai, kisha mtu wa inchi jirani sawa vile Laos, Kambodia na Myanmar, kisha mgeni mwenye kuishi pale kwa kazi, na juu kabisa mtalii pamoja na wazee wa Ulaya wenye kwenda kumalizia uzee kule. Mholanzi mmoja mwenye kukaa mji wa Hua Hin kule Thailand alipeleka hospitali ya serikali ku tribinali juu ya bei mbili, na mwaka 2021 akashindwa. Wengi waliona vibaya. Mimi naona ile ngazi ya pili: jirani maskini, mtu wa Laos ao wa Myanmar, hawakumuweka pamoja na mzungu mwenye pensheni ya Ulaya. Waliangalia nani anatoka wapi na anaweza nini. Ni bei ya wageni, ndiyo, lakini iko na macho.

Ila palepale Thailand kuko ile ngazi ya tatu, na hiyo mimi siitetei. Mgeni mwenye kibali cha kazi anakatwa kodi ku mshahara kama Mthai, analipa TVA ya asilimia 7 ku sabuni na vitu vingine vya duka kama Mthai, halafu ku hospitali wanamuhesabia ngazi ingine. Huyo ametoa mu kapu. Kumuweka mbali na wenye kutoa wenzake ni kumlipisha mara mbili, na hapo wenye kulalamika wako na haki.

Twende Afrika Kusini, juu kule njo kuko ndugu zetu wengi na kule njo maneno yanakuwa makali. Huku tunazani kuko bei mbili tu, ya mweusi wa pale na ya mgeni. Haiko vile. Hospitali za serikali za Afrika Kusini ziko na orodha moja ya bei kwa inchi nzima, na mtu anapangwa mu kundi kwa kuangalia mapato yake. Mzee wa pensheni ya serikali halipi, mwenye mshahara mdogo analipa kidogo, na kuko kundi la kulipa yote. Mu lile kundi la kulipa yote kuko mgeni mwenye kuja kutembea ao kuja kutunzwa, na kuko pia Muafrika Kusini mwenyewe mwenye asiransi ya kampuni. Ndiyo, mtoto wa Soweto mwenye kazi nzuri na asiransi, hospitali ya serikali inamkata bei sawa na ile wanakukata wewe uliyetoka Ruashi na viza ya kutunzwa. Wewe hawakukuongezea kitu, ni kwamba hawakukupunguzia.

Na mgeni mwenye kibali cha kukaa, awe wa kudumu ao wa muda kwa kazi, kanuni inasema apangwe kwa mapato yake kama mwenyeji. Mkimbizi vilevile, sheria ya wakimbizi ya 1998 inampa haki ya matunzo ya msingi sawa na wakaaji wa inchi. Zaidi ya pale, kanuni yao ya bei ilimuhesabu hata mtu wa inchi za SADC (umoja wa inchi za kusini mwa Afrika) mwenye kuingia bila makaratasi pamoja na wale wa kupimwa kwa mapato, na Kongo iko mu SADC tangu 1997. Sheria yao ya afya ya 2003 inasema mama mwenye mimba, mwenye kunyonyesha na mtoto chini ya miaka sita, kama hawana asiransi, watunzwe bure, na hakuna fasi iliandikwa lazima awe Muafrika Kusini. Katiba yao inakataza kumfukuza mtu mwenye kuwa mu hali ya hatari. Nimesoma hizi sheria nikajiuliza ni inchi ngapi za Afrika ziko na maneno kama haya kwa mgeni, sikupata nyingi.

Sasa najua mutasema sheria ni karatasi. Ni kweli, na hapa siwezi kuwatetea. Mwaka 2020 jimbo la Gauteng lilitoa maagizo, wamama wa kigeni wenye mimba na watoto wao wadogo wakaanza kuombwa walipe, wengine walirudishwa, mpaka Aprili 2023 tribinali kuu ya Johannesburg ikasema yale maagizo yanapinga sheria yao wenyewe. Kisha wakatokea watu wa Operation Dudula, kundi lenye kupinga wageni, mwaka 2025 walisimama ku milango ya kliniki wanauliza kitambulisho, hawana kazi pale, si wauguzi si polisi, wanarudisha mama mwenye mtoto mgongoni, na Novemba 2025 tribinali ikawakataza. Hayo ni mabaya na mtu yeyote mwenye kuogopa Mungu anayakataa. Lakini tusichanganye vitu viwili. Kumfunga mgonjwa njia ni kitu kimoja, kumtunza kisha kumpa faktire ya kundi lake ni kitu kingine, na tukiita vyote viwili ubaguzi tunampa nguvu yule wa mlangoni, juu anaona hata mwenye kufanya kazi yake kwa haki anatukanwa sawa na yeye.

Mwaka 2022 kulipita video ya waziri wa afya wa jimbo la Limpopo, Phophi Ramathuba, amesimama pembeni ya kitanda cha mwanamke wa Zimbabwe, anamgombeza mbele ya watu kwamba hospitali za jimbo lake zinaelemewa na wageni. Huku kwetu wengi walikasirika na mimi nilikasirika, mgonjwa kitandani hasemewi vile, hata siku moja. Lakini nilipoisikiliza mara ya pili nikaona kuna swali ndani yake ambalo liko na haki, lilipelekwa tu kwa mtu ambaye hakustahili. Kwa nini mwanamke wa Zimbabwe apite mpaka ili apasuliwe? Nani alipaswa kumtunza kwao? Ile faktire ingepelekwa Harare. Na ya kwetu ingepelekwa Kinshasa. Inchi za SADC ziko na mkataba wa afya tangu 1999, na mpaka leo anayebeba deni ni mgonjwa mwenyewe, na hospitali ya mpaka inabeba ile yeye hawezi.

Niende Ulaya kidogo juu kule njo naona kosa la upande wa pili wazi zaidi, na sitaki mtu aseme nimeficha. Uingereza mtu mwenye kuomba viza ya kukaa analipa makuta ya hospitali mbele, kabla hata ya kupanda ndege. Walianza Aprili 2015 na pauni 200 kwa mtu kwa mwaka. 2019 ikawa 400. 2020 ikawa 624. Tangu Februari 2024 ni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto. Na hawakubali mwaka kwa mwaka, wanataka ya viza yote mara moja. Fanya hesabu ya baba, mama na watoto wawili, viza ya miaka mitano: wazazi 2,070 kwa mwaka, watoto 1,552, jumla 3,622, mara tano ni pauni 18,110. Elfu kumi na nane, kabla baba hajapata mshahara wa kwanza, kabla mtoto hajakohoa. Ile familia ingekuja 2015 ingelipa 4,000. Na wakifika kule, baba anakatwa kodi na michango ya kila mwezi kama Mwingereza mwenye kazi, hakuna siku wanamwambia wewe ulishatoa, punguza. Nimeirudilia hii hesabu nikiwaza labda nimekosea fasi, lakini iko vile. Huyu ametoa mu likelemba mara mbili na anapata mkono mmoja. Wenye viza ya kazi ya hospitali wenyewe walitolewa mu hii, na ni haki, juu wao njo wanatunza wagonjwa.

Hata hivyo kuko kitu kimoja Waingereza wamefanya ambacho natamani kingefanywa popote. Ukishalipa ile, hakuna tena maswali ya bei ya mgeni pale kitandani, unatunzwa kama mwenye inchi. Bei ni kubwa kupita kiasi lakini inajulikana mbele, imeandikwa, mtu anapanga ao anaacha. Mwenye kuja kutembea tu, asiyelipa ile, hospitali inamkata asilimia 150 ya bei yao ya kawaida, na hiyo pia imeandikwa. Ufaransa wao walichagua njia fupi, mgeni mwenye kukaa kihalali akishamaliza miezi mitatu anaingia mu asiransi ya wote. Kwangu mimi hii ya Ufaransa njo inakaribia haki zaidi: kukaa na kutoa njo kunakufanya mwenyeji wa hospitali, pasipoti haina kazi sana pale.

Sasa turudi Lubumbashi, juu naona hasira yetu inazaliwa hapa. Sisi hatujawahi kuona bei ya mwenyeji. Wazee wetu waliona. Mfanyakazi wa Union Minière, kisha wa Gécamines, yeye, bibi yake na watoto walitunzwa bila kutoa franga ku kaisse, na wale wazee mpaka leo wakiongea juu ya hospitali ya sosiete unasikia namna sauti inabadilika. Ile haikuwa ya bure, ilikatwa mu shaba kabla ya mshahara, lakini mtu aliumwa bila hofu. Kisha sosiete ikaanguka, mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka na lile jambo la kuondoka kwa hiari, na pamoja na kazi wakapoteza hospitali. Tangu pale mtu wa hapa anaingia hospitali ya inchi yake na bei ya mgeni. Wanamwomba kosyo kabla ya kumgusa. Anatumwa kununua serom na gan ku farmasi ya inje. Akikosa kumaliza faktire wanamshika, kuko mama aliyejifungua salama na bado hatoki, analala palepale na mtoto mpaka familia ikusanye. Yote hii mu inchi ambayo katiba yake, artikle 47, inasema haki ya afya imehakikishwa.

Sisemi banganga wetu ni wabaya. Wengi wanangoja prime ya serikali ambayo haifiki, ao inafika nusu, kwa hiyo hospitali inaishi na faktire za wagonjwa, mshahara wa kiasi unatoka pale, mafuta ya groupe inatoka pale. Hospitali ikikosa mtu wa kuishikilia inamshikilia mgonjwa. Serikali ilianza ule mpango wa kujifungua bure mu Septemba 2023, kwanza Kinshasa kisha majimbo mengine, na ni kitu kizuri, mimi nausifu bila kurudi nyuma, ndani yake njo mara ya kwanza wamama wengi wameonja bei ya mwenyeji. Lakini ni kujifungua tu. Figo, kansa, mfupa uliovunjika, uko peke yako.

Njo maana Mukongomani akifika Zambia ao Afrika Kusini akaona mwenyeji analipa kidogo, anaona wamemfanyia yeye vibaya, kumbe anaona kwa mara ya kwanza kile alichonyimwa kwao. Na tena sisi wenyewe bei mbili tunaijua vizuri na hatujaiita wizi. Mgonjwa wa sosiete, yule mwenye kuletwa na bon ya kazi, ku hospitali nyingi za hapa anakatwa juu kuliko yule wa kujilipia na mfuko wake. Mwenye dola kutoka mine analipa zaidi, muuza makala analipa chini. Kila mtu anaona ni sawa. Sasa ile ya inje tofauti yake ni nini, ila kwamba safari hii sisi njo tumewekwa upande wa wenye dola?

Kuko neno moja la wenye kupinga ambalo bado linanisumbua, nalo ni la magonjwa ya kuambukiza. Bei ya mgeni ikiwa kali, mgeni mwenye kifua kikuu ao surua ao kolera anajificha nyumbani mpaka amewaambukiza jirani zake, na jirani zake ni wenyeji. Pale faida ya bei mbili inageuka hasara kwa walewale waliotaka kulindwa. Afrika Kusini walilielewa, tangu 2007 dawa za kupunguza nguvu ya virusi vya UKIMWI wakimbizi na waomba hifadhi wanapewa bila kulipishwa, wawe na karatasi ao hapana. Nakubali kabisa: ugonjwa wenye kuruka mtu hadi mtu usiwe na bei ya mgeni, popote. Kupasuliwa goti ni kitu kingine.

Na makuta ya kuondoa watu wetu mu hii safari iko, haitoki mbinguni. Sheria ya madini (code minier) ya 2018 iligawa ile redevance, malipo ya sosiete juu ya madini yenye kuchimbwa: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 vijiji na komini zenye kuchimbwa, 10 mfuko wa siku za kesho. Juu yake kila sosiete inapaswa kutoa 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa eneo. Kobalti iliwekwa mu madini ya stratejiki mwishoni mwa 2018 na redevance yake ikapanda mpaka asilimia 10. Huku Haut-Katanga na Lualaba hayo si makuta ya kuhesabia ku vidole. Naona shule zinajengwa, forage zinachimbwa, na hospitali zinapakwa rangi. Sijaona komini hata moja imesema kila mkaaji wetu mwenye karatasi ya kukaa hapa, hospitali yetu itamkata kiasi hiki tu, iliyobaki tunalipa sisi mu redevance. Siku moja ikifanya vile itabidi iamue pia mtu wa Kasenga ao wa Zambia akija alipe ngapi, na mimi nitashangaa sana kama hatutamkata bei ya mgeni.

Kwa wenye kusafiri sasa hivi na mgonjwa, wasingoje hayo. Omba devi ya kuandikwa kabla ya kuvuka, na mu ile devi waandike uko mu kundi gani la bei na kwa nini. India hasa, usipite kwa komisyonere bila kuuliza hospitali yenyewe bei yake, juu komisyonere wengi wanalipwa asilimia na hospitali, na ile asilimia unaitoa wewe, hapo njo kuko wizi wa kweli na unafanywa mara nyingi na mtoto wa kwetu mwenye kuongea Kiswahili chako. Na kwa wale wenye kukaa Johannesburg, Pretoria ao Cape Town na kibali, usitoe pasipoti peke yake ku dirisha. Toa kibali, toa karatasi ya mshahara ao barua ya kwamba huna mshahara, toa karatasi ya fasi unakaa, sema nataka nipangwe kwa mapato yangu. Wakikuandika mu kundi la kulipa yote na uko na kibali, omba wakubadilishe kabla hujatoka, na uombe jina la aliyekuandika. Mama mwenye mimba asikubali kurudishwa, ile hukumu ya Aprili 2023 ni yake, aiweke mu simu.